Tangi, sikio, kamera au nyundo: ipi itakuonyesha bomba linalovuja ndani ya ukuta wa Mji Mkongwe

Doa lilianza likiwa na ukubwa wa kisahani cha kikombe, kwenye ukuta wa chumba cha kulala cha mama mdogo, mtaa wa Kiponda, Mji Mkongwe wa Unguja. Baada ya mwezi lilikuwa kubwa kama sinia. Chokaa ilivimba, ikapasuka, na kila asubuhi alikuwa akifagia unga mweupe chini ya kitanda.

"Mwanangu, ukuta huu unalia," aliniambia. "Usiku nikiwasha taa nauona unang'aa."

Fundi wa kwanza hakuuliza swali hata moja. Alishika nyundo na tindo, akatoboa mahali patatu. Tundu la kwanza kavu, la pili kavu, la tatu bichi lakini bomba halipo. Akadai fedha yake, akaenda zake. Bomba lililotoboka tulikuja kulikuta wiki mbili baadaye: lilikuwa ghorofa ya juu, kama mita 4 kutoka kwenye doa, kwenye elbo (kiungio cha kona) ya chuma nyuma ya tangi la flashi. Maji yalikuwa yakiteremka ndani ya ukuta kimyakimya, yakipita yanapotaka, yakatokea kwa mama mdogo ambaye hakuwa na bomba lolote upande ule.

Tangu hapo nimekuwa nikiitwa na jamaa na majirani kila ukuta unapolia, na nimejaribu au kusimamia karibu kila njia inayotumika hapa. Ninachotaka kusema ni hiki: njia nyingi zinazosifiwa zilitengenezewa nyumba za matofali au mbao, zenye maji saa 24 na mita mlangoni. Nyumba zetu si hizo. Njia inayong'ara kwingine inaweza kukudanganya kwenye mitaa yetu ya Malindi au Shangani, na njia ya ndoo na mkaa ikakupa jibu kabla ya alfajiri.

Kwa nini ukuta wetu ni mgumu kusomeka

Ukuta wa nyumba kongwe ya Unguja ni mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa na udongo, unene wake nusu mita na mara nyingi zaidi. Si kitu kigumu kimoja kama zege. Ndani mna mianya, vifusi na njia ndogondogo, na jiwe lenyewe linanyonya maji kama sponji. Kwa hiyo doa halikuonyeshi tundu. Linakuonyesha mahali maji yalipochoka kutembea.

Na ghorofa zimelala juu ya boriti za mikoko ambazo ncha zake zimezikwa ndani ya ukuta huohuo. Hapo ndipo penye hatari. Rangi ikibambuka utapaka nyingine. Ncha ya boriti ikioza ndani ya ukuta hutaiona, mpaka sakafu ianze kulegea chini ya miguu. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la mwaka 1883, ilipoanguka tarehe 25 Disemba 2020, wengi wetu tulirudi nyumbani tukaanza kuzitazama kuta zetu kwa jicho jingine.

La pili ni chumvi. Ipo ndani ya jiwe lenyewe, ipo kwenye mchanga wa pwani uliotumika kupigia lipu, inaletwa na upepo wa bahari. La tatu ni maji ya mgao. Mitaa mingi maji huja kwa saa zake, mara nyingi usiku, na nyumba inaishi kwa tangi la juu. Ukichagua njia ya kutafutia, ipime kwa mambo haya matatu: ukuta, chumvi, mgao.

Kabla ya yote, hakikisha ni bomba. Doa linalokua wakati wa masika na kukauka kipupwe huenda ni paa au mlizamu ulioziba. Linalopanda kutoka chini mpaka kimo cha kiuno, sawasawa kwa urefu wa ukuta mzima, ni unyevu wa ardhini. Nyumba za karibu na Forodhani na bandarini, angalia kama linazidi siku za bamvua. Na tazama nje: kiyoyozi cha jirani kinachodondosha maji ukutani kwako mchana kutwa kimeshagombanisha watu wengi. Bomba la ndani halijui msimu. Linalowesha kiangazi na masika, ila lina tabia moja: doa hukolea siku tangi linapojaa na hufifia siku maji yanapokatika.

Mita au tangi

Watu huambiwa: funga mifereji yote, soma mita, subiri saa moja, soma tena. Kama kigurudumu kidogo kimezunguka, maji yanapotea. Ni kipimo kizuri, cha bure, lakini kwetu kina mapungufu ambayo fundi wengi hawakuambii. Kwanza lazima maji ya ZAWA, yaani Mamlaka ya Maji Zanzibar, yawe yanatoka wakati huo. Mgao ukiwa umekatika, mita imelala na bomba bovu limelala nayo. Pili, maji yanaporudi husukuma hewa mbele yake, na mita inaweza kuzunguka kwa hewa tupu, ukaanza kutafuta tundu lisilokuwepo. La tatu ndilo kubwa: mita inaona bomba la kupandishia tu, kutoka mlangoni hadi kwenye tangi. Boya linalozuia maji kwenye tangi likishafunga, chochote kinachovuja baada ya tangi mita haikioni mpaka boya lifunguke tena.

Tangi linaona upande wa pili, yaani mabomba yote ya kuteremshia, ya jikoni na ya vyooni. Na nyumba nyingi nilizoziona, ubovu ulikuwa upande huo. Jaza tangi jioni, funga koki ya kuingizia, waambie wote wa nyumbani watumie maji ya ndoo mpaka asubuhi. Chovya fito ya mti ndani, weka alama kwa mkaa pale maji yalipoishia. Asubuhi chovya tena.

Hapa hesabu inasaidia. Tangi la lita 1,000 lenye kipenyo cha kama mita 1.1, kila sentimita 1 ya maji ni takriban lita 9.5. Ukikuta pameshuka sentimita 3, nyumba imepoteza karibu lita 28 kwa usiku mmoja na hakuna aliyefungua mfereji. Lakini tundu linalodondosha tone moja kila sekunde hutoa zaidi kidogo ya lita 4 kwa siku nzima. Kwa saa 8 za usiku ni kama lita moja na nusu, yaani milimita moja na nusu ndani ya tangi. Fito haiwezi kuiona hiyo. Wengi hufikia hapa wakasema "tangi halijapungua, si bomba," na kumbe ni bomba.

Dawa yake tuliipata kwa mama mdogo, na ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote. Funga koki ya tangi la juu. Fundi afungue yunioni (kiungio cha bomba kinachofunguka) iliyo baada ya koki, aunganishe mpira kutoka kwenye ndoo ya lita 20 iliyowekwa palepale juu, usawa wa tangi. Sasa nyumba nzima inakunywa kutoka kwenye ndoo. Ndoo yenye kipenyo cha sentimita 30, kila sentimita 1 ni kama lita 0.7 tu, kwa hiyo lile tone la kila sekunde litashusha maji sentimita 2 kwa usiku. Unaliona bila miwani. Hakikisha tu mpira hauna hewa na maungio yake hayadondoshi, maana utaishia kupima mpira wako mwenyewe.

Baada ya hapo unaigawa nyumba. Usiku wa kwanza koki zote wazi. Usiku wa pili funga koki ya ghorofa ya juu. Usiku wa tatu funga ya chini, fungua ya juu. Ndoo inayoacha kushuka imekutajia upande mbovu. Kwetu ilichukua siku nne, na gharama ilikuwa mpira wa mita 3 na malipo ya fundi ya saa mbili. Kama nyumba haina koki za kugawia, fedha ambayo ungelipa kamera nunulia koki. Zitabaki na wewe miaka yote.

Sikio au kamera

Ukishajua upande, ndipo unatafuta sehemu. Hapa watu hugawanyika: wengine wanaamini kifaa cha kusikilizia, wengine kamera ya joto. Vyote viwili vina kweli yake.

Maji yanayopenya tundu dogo kwa nguvu hutoa sauti, na bomba la chuma huibeba sauti hiyo mbali. Nyumba kongwe nyingi bado zina mabomba ya chuma ya zamani, kwa hiyo usikilizaji una nafasi nzuri. Fundi mwenye kipaza sauti na visikilizio vya masikioni atasikia vizuri zaidi, lakini hata bisibisi ndefu inatosha kuanzia: ncha kwenye bomba lililo wazi, mpini kwenye mfupa wa sikio. Nilifanya hivyo saa nane za usiku kwenye choo cha juu. Mji umelala, hata paka wa uchochoroni wamenyamaza. Kwenye mfereji wa sinki sikusikia kitu. Kwenye koki ya chooni nikasikia mlio mwembamba usiokatika, kama mtu anayepuliza pumzi kupitia meno. Nilipofunga koki ulikata. Nilipofungua ulirudi.

Udhaifu wake? Bomba la plastiki humeza sauti, kwa hiyo nyumba iliyobadilishwa mabomba kuwa PPR au PVC utasikia kidogo sana. Ukuta wa matumbawe nao humeza. Usisikilize ukuta, sikiliza bomba, koki na mfereji. Na tangi likiwa juu kidogo tu, nguvu ni ndogo: kila mita 1 ya kimo hutoa kama baa 0.1 (baa ni kipimo cha nguvu ya maji), hivyo tangi lililo mita 8 juu ya mfereji linatoa baa 0.8 tu. Tundu la nguvu hiyo hunong'ona. Kwa hiyo ni kazi ya usiku.

Kamera ya joto inavutia zaidi. Ukuta unatokea kwa rangi, doa la bluu, na mteja anaamini papo hapo. Lakini kamera haioni ndani ya ukuta. Inaona joto la uso wake tu. Penye unyevu huonekana baridi kwa sababu maji yanapokauka huchukua joto, na hilo hutokea penye doa, ambalo tayari unaliona kwa macho. Nyuma ya nusu mita ya jiwe, bomba la maji baridi halionekani. Siku za unyevunyevu mwingi hewani, kabla ya mvua za masika, ukuta haukauki kitu na picha nzima inakuwa rangi moja.

Sisemi haina faida. Bomba la maji ya moto inalionyesha vizuri, kwa hiyo nyumba ya wageni yenye hita inaweza kufaidika. Dari za kisasa za jipsamu pia, kwa sababu ni nyembamba. Na inaonyesha doa limeenea mpaka wapi kabla macho hayajaona, jambo linalosaidia kujua boriti zipi zikaguliwe. Ila kwa bomba la maji baridi ndani ya ukuta wa mawe, mimi nachagua sikio.

Kipima unyevu au kipande cha nailoni

Hapa chumvi ndiyo inayoamua. Vile vipima unyevu vidogo vyenye sindano mbili hupitisha umeme kati ya sindano. Ukuta ukipitisha umeme zaidi, kinasema pana maji zaidi. Chumvi nayo hupitisha umeme. Ukuta wa pwani uliojaa chumvi unaweza kukupa namba kubwa ya kutisha, na ndani maji ni kidogo tu. Nimeona nyumba ya Vuga ambayo kila ukuta ulisomeka "umelowa", hata ule wa katikati usio na bomba wala mvua. Kama fundi anakuja na kifaa hicho peke yake, mwombe apime kwanza ukuta unaojua ni mkavu, halafu alinganishe. Tofauti ndiyo habari. Namba peke yake si habari.

Kipande cha nailoni angavu hakidanganywi na chumvi kiasi hicho. Kibandike juu ya doa kwa tepu pande zote nne, kiache siku 2. Ukikuta matone upande wa nje, ni unyevu wa hewani unaotua kwenye ukuta baridi. Matone yakiwa ndani, kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani. Haikwambii yanatoka wapi, lakini inakuzuia usivunje ukuta kwa sababu ya jasho la chumba kisicho na dirisha.

Rangi, kwa ajili ya vyoo na maji machafu

Mabomba ya maji machafu hayana nguvu ndani yake, hivyo mita, tangi, ndoo na sikio vyote havina habari nayo. Hapa hakuna ushindani, ni rangi. Ya chakula, ile ya kutilia keki, kijiko kimoja kwenye tangi la flashi. Usiflashi kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli la choo, kiraba cha ndani kimechoka na maji yanapotea mchana na usiku. Kwa sakafu ya bafu, ziba tundu la kutolea maji kwa tambara, jaza maji ya rangi vidole viwili, subiri masaa, kisha shuka chini ukaangalie dari. Ikitoka rangi ile ile, umepata. Isipotoka, zibua tundu, mwaga ndoo mbili za rangi nyingine kwenye bomba. Nyekundu ni sakafu, kijani ni bomba.

Kipimo hiki kina faida ambayo haimo kwenye kitabu. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zinakaliwa na familia zaidi ya moja, nyingine za wakfu, nyingine za urithi usiogawanywa. Wa chini anamlaumu wa juu, wa juu anaapa choo chake kizima. Rangi inapotokea kwenye dari mbele ya wote wawili, hakuna tena maneno. Mwiteni mwenzenu ashuhudie tangu mnapoitia. Usiifanye peke yako.

Pampu ya presha

Fundi anafunga njia zote, anajaza bomba kwa pampu ya mkono, anatazama geji. Ikishuka, panavuja. Kwa mabomba mapya ya plastiki, kabla hayajafunikwa kwa lipu, hakuna njia bora. Kwa bomba la chuma la miaka 50 naiogopa. Bomba lililozoea baa 0.8 ukilipiga baa 6, nyuzi za maungio zilizoliwa na kutu zinaachia, ukawa na matundu matatu badala ya moja. Kama lazima, mwambie asivuke baa 2, na asimamie hapo nusu saa. Hata hivyo itakwambia panavuja au hapavuji, na hilo ndoo ilishakwambia kwa upole zaidi.

Ipo pia njia ya gesi, ambapo mchanganyiko wa haidrojeni kidogo na naitrojeni husukumwa ndani ya bomba lililomwagwa maji na kunuswa kwa kifaa juu ya ukuta. Kwa sakafu ya zege ni njia kali. Ukuta wetu wenye mianya huisambaza gesi kama unavyosambaza maji.

Nyundo

Nyundo inakuja, lazima. Lakini ije mwisho, ije mahali pamoja. Kwetu tulipokuwa tumeshajua ni ghorofa ya juu, kisha koki ya chooni, fundi wa pili alitoboa pale palipo na elbo, kwa sababu bomba la chuma huoza kwenye nyuzi kabla halijaoza penye mwili. Tundu la ukubwa wa kitabu. Alipobandua jiwe la pili, chokaa ilitoka laini kama uji, na nyuma yake elbo nyekundu kwa kutu, uzi mwembamba wa maji ukitoka pembeni kama unywele.

Ndani ya eneo la hifadhi, ambalo UNESCO iliingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, ukarabati wa jengo unahitaji kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Nenda uulize kabla ya kupasua. Na mkataze fundi kuziba kwa saruji. Saruji haipumui kama chokaa. Maji yaliyobaki ndani yanasukumwa pembeni na juu, na doa jipya linatokea nusu mita zaidi, ukadhani bomba limetoboka tena. Pazibwe kwa chokaa na mawe, kama ilivyojengwa.

Sasa uchague ipi

Kama wewe ni mpangaji na huna ruhusa ya kugusa kitu: nailoni na rangi. Ukiwa na hizo mbili na picha zenye tarehe, mwenye nyumba atakusikiliza. Mwenye nyumba yenye tangi juu na mabomba ya chuma: ndoo, koki, kisha sikio usiku. Mwenye nyumba ya wageni yenye maji ya moto vyumba vyote: ndoo kwanza, halafu kamera kwa upande wa moto tu. Mabomba yote ya plastiki na ndoo inashuka: usipoteze fedha kwa wasikilizaji, gawa nyumba kwa koki mpaka ubakiwe na chumba kimoja. Mita inazunguka wakati tangi limejaa na boya limefunga: ni bomba la kupandishia, kati ya mlango na paa, na ikiwa panalowa kabla ya mita, hiyo ni kazi ya ZAWA, uwapelekee taarifa. Wenzetu wa Chake Chake na Wete, ambao nyumba zao ziko juu ya vilima, wanaweza kuliacha suala la bamvua na kuanza moja kwa moja na ndoo.

Baada ya kutengeneza, ukuta hautakauka wiki ile. Wanaoshughulika na kuta nene hukadiria milimita 25 kwa mwezi, hivyo ukuta wa nusu mita unaokauka pande zote mbili unaweza kuchukua miezi 10. Wengi hukata tamaa mwezi wa pili, wakamwita tena mtu wa nyundo. Mama mdogo nilimpa penseli. Kila Ijumaa anachora mstari kufuata ukingo wa doa na kuandika tarehe pembeni. Mstari wa nje kabisa ni wa Juni. Wa wiki iliyopita unatoshea ndani ya kiganja chake, na kitanda amekirudisha ukutani.